Video za Watafiti: Waanze na Kosa Letu



 

Jambo ninalotaka kulizungumza limo mifukoni mwenu, au mifukoni mwa wazee wenu. Zamani mtu akitaka kujua wanasayansi wanafanya nini ilimbidi asome kitabu, au angoje mwandishi wa gazeti amsimulie, na mara nyingi mwandishi mwenyewe hakuwa amefahamu. Leo mtafiti anasimama mbele ya kamera, au mbele ya simu tu, na kwa dakika moja, mbili au tano anaeleza kwa mdomo wake mwenyewe amepima nini, amekuta nini, na jambo hilo linamhusu vipi mtu aliyeko shamba. Video hizi zinawekwa YouTube, zinakatwa vipande, vipande vinapitishwa kwenye WhatsApp, na baada ya sala ya Isha unawakuta vijana barazani wanabishana juu ya nyota, juu ya mbu, juu ya ukubwa wa moyo wa nyangumi, na kila mmoja ana video yake ya ushahidi.

Wapo wazee wanaosema haya yote ni mchezo, na kwamba elimu ni kitabu na mwalimu basi. Na wapo vijana wanaosema kitabu kimekwisha wakati wake. Mimi sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Ninavyoona mimi, mtafiti anayejieleza kwa watu wa kawaida anatekeleza wajibu, tena wajibu mkubwa. Lakini nyingi katika video hizo, hata zile ambazo kila neno lake ni la kweli, hazimfundishi mtazamaji kitu, kwa sababu zinamweleza lililo sahihi bila ya kuligusa kosa alilokwisha kuwa nalo kichwani. Mtazamaji anaondoka amefurahi, na kosa lake linaondoka naye. Na kwetu sisi watu wa mwambao lipo kosa la namna hiyo ambalo limewagharimu watoto roho zao. Nitafika huko.

Kwanza tuuondoe ubishi wa kuwa mtaalamu anajishusha anapozungumza na watu wasiosoma. Katika dini yetu kuficha elimu baada ya kuulizwa ni jambo lililokemewa vikali, na hadithi ya hatamu ya moto Siku ya Kiama nyote mmeisikia. Imepokewa pia kwa Sayyidna Ali (R.A.), katika Bukhari, mlango wa elimu, kwamba watu wazungumzishwe kwa kadiri ya yale wanayoyafahamu. Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891, alikuwa mwanachuoni ambaye angeweza kukaa na vitabu vyake vya Kiarabu na wanafunzi wake wachache, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake mwaka 1930 alianza kutoa karatasi aliyoiita Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah, yote mawili kwa ajili ya watu wa kawaida na kwa Kiswahili wanachokisema majumbani. Maandishi yenyewe yalikuwa mafupi. Mtu aliweza kuyasoma amesimama dukani. Baadaye, mwaka 1937, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na heshima yake haikupungua hata chembe kwa kuwa aliwahi kuandika kwa ajili ya mchukuzi na mvuvi.

Na ufupi nao si aibu. Mafundisho ya Mtume (S.A.W.) yameisifu khutba fupi na kuihesabu kuwa ni dalili ya fahamu ya khatibu. Kwa hiyo anayezidharau video kwa sababu tu ni za dakika tatu hana hoja. Hoja iko kwengine.

Tutazame wenzetu walioanza. Mwaka 2008 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, akiwemo Profesa Martyn Poliakoff, mzee mwenye nywele zilizotimka pande zote, walishirikiana na mpiga picha za video aitwaye Brady Haran. Wakatengeneza video fupi kwa kila elementi katika jedwali la elementi, 118 kwa jumla. Hawakusoma maneno yaliyoandikwa. Walizungumza kama mtu anavyozungumza na mgeni aliyeingia maabara. Ni kazi nzuri, na wanafunzi wetu wa kidato cha tatu wanaojua Kiingereza nawashauri waitazame. Lakini kwa mada yetu, kazi iliyo muhimu zaidi ilifanywa mbali na hapo, huko Australia, na mtu ambaye baadaye alikuja kuwa mashuhuri kwa video.

Mtu huyo ni Derek Muller, ambaye mwaka 2011 alianzisha chaneli ya sayansi iitwayo Veritasium. Kabla ya hapo alikuwa mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Sydney, na utafiti aliouwasilisha mwaka 2008 ulihusu swali hili hili: video ya fizikia imfundishe vipi mtu? Aliwapa wanafunzi mtihani kabla ya kutazama video, na mtihani baada ya kutazama. Maswali yalihusu mambo ambayo karibu sote tunayajibu vibaya kwa kufuata macho yetu. Chukua mfano wa mpira uliorushwa juu. Ukiwa bado unapanda, ni nguvu gani inayousukuma? Wengi watasema ni nguvu ya mkono, inayokwenda ikiishia polepole. Si kweli. Ukishatoka mkononi, mkono hauna tena kazi nao. Kilichobaki ni uzito wake unaouvuta chini, na hewa kidogo. Unapanda kwa sababu ulikuwa tayari una mwendo, si kwa sababu kuna kitu kinausukuma.

Baadhi ya wanafunzi walionyeshwa video iliyoeleza jambo hilo moja kwa moja, kwa lugha safi, picha nzuri, bila ya kosa. Wengine walionyeshwa video ya watu wawili wanaozungumza: mmoja anayatoa yale mawazo ya makosa ambayo watu wengi wanayo, na mwengine anamhoji mpaka kosa linaonekana. Waliotazama video ya kwanza waliisifu. Walisema iko wazi, ni fupi, inafahamika. Walipopewa mtihani wa pili, alama zao zilikuwa karibu zile zile za mwanzo. Kibaya zaidi, walizidi kuwa na uhakika wa majibu yao ya makosa. Waliotazama video ya pili walilalamika kwamba inachanganya na inahitaji kufikiri sana, na wao ndio ambao alama zao zilikaribia kuongezeka mara mbili.

Hebu tafakari jambo hili, maana ni zito. Mtu ameambiwa ukweli waziwazi, ameusikia, ameupenda, na ameondoka anaamini kinyume chake kwa nguvu zaidi kuliko alipokuja. Sababu ni kwamba hakusikiliza kwa makini. Alidhani anayajua tayari. Alisikia maneno yanayofanana na yale aliyonayo, akasema moyoni, naam, ndivyo ninavyojua. Kosa lake halikuitwa kwa jina, basi halikuinuka kujibu.

Sisi wa madrasa tusishangae, kwa sababu jambo hili tunaliona kila siku katika tajwidi. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri alirekodi Qur'ani nzima mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kanda zake zimezunguka dunia yote. Usomaji wake ni safi mno. Lakini mtoto anaweza kumsikiliza al-Husary miaka mitano na bado akasoma dhwadi kama dali, na haa ya kooni kama hii ya kawaida, na akaapa kwamba anasoma kama sheikh. Sikio lake limeshazoea kulisikia kosa lake kuwa ndio sawa. Atakapokaa mbele ya maalim, akasoma, akasimamishwa kwenye herufi ile ile, akaambiwa wewe unasema hivi na inatakiwa hivi, hapo ndipo ulimi unapogeuka. Hakuna aliyeitupa kanda ya al-Husary kwa sababu hiyo. Tumejua tu kazi yake ni ipi na mwisho wake ni wapi.

Na mfano mkubwa kuliko yote tunao katika Sira. Mwaka wa kumi Hijria alifariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (S.A.W.), na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Fikiria, ndugu mwanafunzi: ni baba aliyefiwa, na uvumi wenyewe unamkuza yeye na nyumba yake. Mtu mwengine angenyamaza tu, na kunyamaza kungemtosha. Yeye hakunyamaza. Alisimama akawaambia kwamba jua na mwezi ni katika alama za Mwenyezi Mungu, na kwamba havipatwi kwa ajili ya kufa kwa mtu wala kwa ajili ya uhai wake, kisha akawaelekeza kwenye sala na dua. Angeweza kusema tu kwamba jua ni alama ya Allah, na kila mtu angeitikia, na kila mtu angeendelea kuamini habari ya Ibrahim. Lakini kosa lao alilitaja kama lilivyo, akalikata. Maneno machache tu, na hata leo ukimwuliza Muislamu kijijini kama jua linapatwa kwa kifo cha mtu atakwambia hapana.

Sasa nije kwenye lile nililoahidi. Nalo ni degedege.

Nyote mmelisikia neno hili, na baadhi yenu mmemwona mdogo wenu amekakamaa, macho yamegeuka, meno yameumana, povu linamtoka, na nyumba nzima imejaa vilio. Katika mwambao wetu imekuwa ikisemwa tangu zamani kwamba hilo ni dege, ndege au shetani anayempitia mtoto, na kwamba dawa yake ni mafusho na mganga. Miaka ya 1990 watafiti walikwenda wilaya ya Bagamoyo kuuliza watu wanazifahamu vipi homa. Walichokikuta ndicho kiini cha makala yangu. Neno malaria lilikuwa linajulikana, na homa ya malaria ilihesabiwa kuwa ni ugonjwa wa kawaida, wa kutibiwa hospitali, tena si wa kutisha sana. Lakini degedege liliwekwa mbali kabisa, halikuhesabiwa kuwa lina uhusiano na malaria. Na wapo waliokuwa wakisema mtoto mwenye degedege akidungwa sindano atakufa, kwa hivyo asipelekwe hospitali mpaka atulie.

Hebu basi mweke mama huyo mbele ya video. Mtafiti mwenye elimu yake anatokea, anasema malaria husababishwa na kimelea kinachoingizwa mwilini na mbu jike aina ya anofelesi, na kwamba watu walale ndani ya chandarua chenye dawa. Kila neno ni kweli. Mama anaitikia kwa kichwa, maana hayo anayajua. Pengine chandarua anacho. Wiki mbili baadaye, saa nane za usiku, mtoto wake mwenye homa anakakamaa. Video ile haitamsaidia kitu, kwa sababu haikulitaja hata mara moja jina la kitu kilichoingia nyumbani kwake usiku ule. Yeye hana mtoto mwenye malaria. Yeye ana mtoto mwenye degedege. Atakimbilia kulekule walikokimbilia bibi zake.

Mtafiti ambaye angelijua hili angeianza video yake kwa namna nyengine. Angesema: watu wengi tunaamini degedege ni shetani, na kwamba sindano itamwua mtoto, nitawaeleza kwa nini jambo hilo si hivyo. Kisha angeeleza kwamba katika sehemu zenye malaria, homa inayomkakamaza mtoto inaweza kuwa ni malaria kali iliyofika kwenye ubongo. Kwamba si lazima iwe malaria, inaweza kuwa homa nyengine au uti wa mgongo, na ndiyo maana mtoto apelekwe hospitali hapo hapo apimwe damu. Na kwamba wale waliokufa baada ya sindano, wengi wao walifikishwa hospitali saa za mwisho, basi sindano ikabeba lawama ya kuchelewa. Dakika tatu zinatosha kwa hayo. Huenda mama yule asiipende. Huenda akasema imemchanganya. Afadhali achanganyikiwe mchana mtoto akiwa mzima.

Hapa najua kuna atakayeniuliza: je, Ustadhi, unayakanusha majini? Siyakanushi. Majini yametajwa ndani ya Qur'ani na kuyaamini ni katika imani yetu. Lakini kuamini kwamba yapo hakukupi ruhusa ya kulibebesha jini kila maradhi usiyoyajua sababu yake, na Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kutafuta matibabu. Aliyempeleka mtoto hospitali na huku akamsomea hajapoteza kitu.

Wala msidhani hii ni habari ya zamani iliyokwisha. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 malaria iliua karibu watu 600,000, wengi mno wao katika Afrika, na zaidi ya robo tatu ya waliokufa Afrika walikuwa watoto walio chini ya miaka mitano.

Tena tunao watafiti wetu wanaolishughulikia hili jambo. Taasisi ya Afya ya Ifakara, iliyoanza kama maabara ndogo ya Waswisi katika miaka ya 1950, inajulikana duniani kote kwa kazi yake juu ya mbu. Wao ni miongoni mwa walioonyesha kwamba katika bonde la Kilombero mbu aitwaye Anopheles funestus anabeba sehemu kubwa ya maambukizi, ingawa si lazima awe ndiye mwingi kuliko wote. Mwaka 2017 mtafiti wa taasisi hiyo, Fredros Okumu, alitoa hotuba juu ya mbu katika mkutano wa TEDGlobal uliofanyika Arusha. Ilirekodiwa, na mpaka leo inatazamwa. Ni hotuba nzuri. Lakini ilitolewa kwa Kiingereza, na Arusha ni Tanzania. Simlaumu yeye, kwani wageni waliokuwa mbele yake walitoka pembe zote za dunia. Ninalosema ni kwamba anayeumwa na mbu wa Kilombero hasikii Kiingereza, na deni la kumweleza kwa lugha yake bado halijalipwa.

Kulilipa deni hilo si kutafsiri tu. Atakayeitengeneza video ya Kiswahili atagundua mara moja kwamba maneno yetu yanamtega. Mbu ni mdudu. Kimelea cha malaria nacho watu wanakiita mdudu. Na funza wa tumbo ni mdudu vilevile. Ukisema mdudu ameingia kwenye damu, msikilizaji anamwona mbu mzima anaogelea kwenye mshipa. Neno kinga nalo lina mtego wake. Chanjo ya kwanza ya malaria ilianza kutolewa kwa majaribio mwaka 2019 katika nchi za Ghana, Kenya na Malawi, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipitisha itumike. Matokeo yake yalionyesha kwamba pale ilipotolewa, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13. Ukimwambia mtu wa kawaida habari hiyo bila ya maelezo atacheka: kumi na tatu tu? Basi kinga gani hiyo? Hajui kwamba hiyo ni hesabu ya vifo vya sababu zote isipokuwa ajali, si vya malaria peke yake, na kwamba katika eneo zima walihesabiwa pamoja waliochanjwa na ambao hawakuwahi kuchanjwa. Ukitoa vifo kumi na tatu katika kila mia ya watoto waliokuwa wakizikwa, hizo ni nyumba nyingi ambazo hazikuweka matanga. Hapo tena kosa ni la kuanzia: watu wanadhani chanjo ama inazuia kabisa ama haifai. Video isiyolianza kosa hilo ni bora isitengenezwe.

Nimewasema watafiti vya kutosha. Sasa nyinyi watazamaji.

Watu wa hadithi walituachia desturi ambayo dunia yote inaihitaji sasa kuliko wakati wowote. Ukiletewa maneno, uliza yametoka kwa nani, naye aliyapata kwa nani, na alikuwa mahali pa kuweza kuyajua. Na Suratul Hujurat imetuamrisha kuipeleleza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Mwezi wa Julai 2020, katika siku ngumu za korona, kikundi cha madaktari kilisimama mbele ya Mahakama Kuu mjini Washington wamevaa makoti meupe, na mmoja wao akasema hydroxychloroquine, dawa ya zamani ya malaria, inaponya korona. Ilitazamwa na mamilioni ya watu kabla ya kuondolewa, na nakala zake zilifika mpaka kwenye simu za huku kwetu. Basi jueni kwamba mwezi mmoja na zaidi kabla ya siku hiyo, watafiti wa Oxford walikuwa wamekwisha kutangaza matokeo yao. Waligawa zaidi ya wagonjwa 4,500 wa hospitali za Uingereza katika makundi mawili, wakawapa dawa hiyo kundi moja, na waliopewa hawakupona zaidi ya wasiopewa. Koti jeupe si sanadi. Daktari anayesimulia wagonjwa wake mwenyewe, na mtafiti anayeeleza alivyogawa maelfu ya wagonjwa kwa kura na kulinganisha, wote wawili wamevaa koti lile lile kwenye skrini ndogo ile ile. Kuwatofautisha ni kazi yako, na njia ni kusikiliza kama anakwambia amejuaje, au anakwambia tu kwamba anajua.

Namwamini zaidi mtafiti anayesema kwenye video yake hili bado hatujalijua. Wachache wanalisema, kwa sababu watazamaji hawalipendi.

Na ukishatazama, usiseme umesoma mpaka umemweleza mtu mwengine na amekuuliza swali ukajibu. Ukishindwa kujibu, ujue ulichokuwa nacho ni utamu wa sauti tu. Huo ndio mtihani wa maalim, nao haugharimu kitu.

Nina ombi kwa uongozi wa madrasa na kwa umoja wa wanafunzi. Siku ya Alkhamisi baada ya sala ya Alasiri, pale tunapokuwa hatuna darasa, tukae mara moja kwa mwezi na simu moja au kompyuta moja, tutazame video moja ya mtafiti, fupi, iliyochaguliwa na walimu wanaosomesha sayansi skuli. Kabla ya kuiwasha, kila mmoja aandike kwenye karatasi yeye anavyodhani. Baada ya kutazama, aandike tena. Kisha tulinganishe karatasi mbili, tuone ni ya nani iliyobadilika. Wanaojua Kiingereza wawafasirie wenzao, na wafasiri kwa Kiswahili cha nyumbani, si cha kamusi.

Tukiulizwa tuanze na ipi, mimi nashauri tuanze na mbu. Karatasi ya kwanza iwe na swali moja: kwenu nyumbani, mtoto akipata degedege husemwa ni nini, na hufanywa nini? Majina yasiandikwe. Nazo zikikusanywa zisichomwe moto. Tuwapelekee watu wa afya wa wilaya na yeyote katika watafiti anayetaka kutengeneza video kwa ajili yetu, ili ajue aanze na maneno gani.

Wabillahi tawfiq.